Mtu wa Elimu na Vitabu vya Hadithi

Wahenga walisema: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Neno hili lawahusu wote wanaojifunza: mtoto aliye shuleni, kijana anayetafuta kazi, na hasa mkatekumeni anayejitayarisha kupokea ubatizo. Nta ina umbo zuri, ina vyumba vingi vilivyopangwa sawasawa. Lakini mwenye njaa akiitia kinywani hapati utamu wala nguvu. Kadhalika mtu aweza kuwa na kichwa kilichojaa maarifa yaliyopangwa vizuri, na moyo wake ukawa mkavu.

Swali linaloulizwa hapa ndilo hili: Je, yamfaa mtu anayetafuta ukweli kutumia wakati wake katika kusoma hadithi, maisha ya watu na habari za kale? Wako wanaojibu upesi: “Haimfai. Hadithi ni za watoto, jioni karibu na moto. Mtu mzima na ajifunze katekismu, ajue hesabu, alime shamba lake, basi.” Jibu hilo laonekana kuwa na busara. Lakini kabla ya kulikubali, yafaa kutazama maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mtafutaji mkubwa wa ukweli wa vitu vya dunia, ambaye katika uzee wake aliupima moyo wake mwenyewe, akaandika alichokiona ndani yake.

1. Mpimaji wa viumbe

Mtu huyo aliitwa Charles Darwin. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, akamtuma kwanza kusomea udaktari, kijana hakuupenda. Kisha akamtuma Cambridge ili awe mchungaji katika kanisa la Waanglikana. Hata hilo halikutimia. Alichokipenda yeye ni kukusanya wadudu, kutazama ndege, na kuuliza kwa nini kila kiumbe kiko kama kilivyo. Mwisho wa mwaka 1831 alipanda merikebu iliyoitwa Beagle, akazunguka dunia kwa muda wa karibu miaka 5. Aliporudi kwao mwaka 1836 alikuwa amekusanya mimea, mawe, mifupa na wanyama wa nchi nyingi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi na subira. Miaka 8 aliitumia kuchunguza viumbe vidogo vya baharini vyenye gamba gumu, vile vinavyojishikamanisha na mawe na mbao za merikebu. Mwaka 1859 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya asili ya aina za viumbe. Na mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake, alitoa kitabu kingine juu ya nyungunyungu, wale wanaoonekana shambani baada ya mvua. Alikuwa amewafuga nyumbani mwake ndani ya vyungu vya udongo. Aliwapigia kinanda na zumari ili ajue kama wana masikio. Akaona kwamba hawasikii sauti. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya kinanda chenyewe, nyungunyungu walihisi mtetemo wa mbao wakajificha mara moja. Mkulima hupita juu yao kila siku bila kuwafikiri. Mtu huyu alikaa, akatazama, akapima, akaonyesha kwamba wadogo hao ndio wanaougeuza udongo wa mashamba polepole, mwaka hata mwaka.

Yafaa kusema jambo moja waziwazi. Darwin hakuwa mkatoliki, tena imani ya Kikristu aliyofundishwa utotoni ilimpungukia kidogo kidogo hata akaiacha. Basi hawekwi hapa mbele ya wakatekumeni awe mwalimu wao wa mambo ya Mungu. Kwa habari ya fundisho lake juu ya viumbe, Papa Pius XII aliwaruhusu wataalamu mwaka 1950 kuchunguza kwa uangalifu asili ya mwili wa mwanadamu. Na Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba fundisho hilo limekwisha kuwa zaidi ya dhana tupu. Wote wawili walishika imara kwamba roho ya kila mtu imeumbwa na Mungu mwenyewe. Mkristu hana haja ya kuogopa mifupa ya kale wala nyungunyungu: ukweli wote una Mwumbaji mmoja. Jambo linalotafutwa hapa ni jingine, nalo ni moyo wa mtu huyo.

2. Sauti iliyosoma

Darwin alioa mwaka 1839. Mkewe aliitwa Emma. Tangu mwaka 1842 waliishi katika kijiji kiitwacho Downe. Mume alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu wa maisha yake, hata hakuweza kufanya kazi ila saa chache kwa siku. Kwa hiyo aliipanga siku yake kama watawa wanavyoipanga yao. Asubuhi na mapema alifanya kazi. Kisha alijilaza juu ya kiti kirefu, akasomewa barua za jamaa na sehemu ya hadithi. Alirudi kazini, akatembea bustanini, akala. Na alasiri akajilaza tena, na sauti ya Emma ikaendelea na hadithi pale ilipokuwa imeachwa. Mara nyingine usingizi ulimchukua katikati ya habari.

Kumbe, mtu yule yule asiyekubali neno lolote bila ushahidi, aliyehesabu na kupima hata mdudu wa udongoni, alisikiliza kwa furaha habari za watu ambao hawakuishi kamwe! Yeye mwenyewe ameandika kwamba riwaya zilimpa pumziko na raha ya ajabu kwa miaka mingi, na kwamba mara nyingi aliwabariki waandishi wote wa riwaya. Alizipenda karibu zote, hata zile zisizokuwa bora sana. Alitaka mambo mawili tu. La kwanza, hadithi isiishe kwa huzuni. Alisema kwa mzaha kwamba ingefaa pawe na sheria ya kukataza hadithi za namna hiyo. La pili, ndani yake awemo mtu mmoja ambaye msomaji aweza kumpenda kwa moyo wote.

Pamoja na riwaya alipenda vitabu vya historia, vitabu vya maisha ya watu, na habari za safari. Wala hakuvipenda kwa ajili ya elimu yake ya viumbe peke yake. Vitabu vya namna hiyo humwonyesha msomaji wanadamu: jinsi walivyotamani, walivyokosea, walivyovumilia.

3. Hasara aliyoikiri

Mwaka 1876, alipokuwa na umri wa miaka 67, Darwin aliandika habari za maisha yake kwa ajili ya watoto wake na wajukuu. Katikati ya maandiko hayo liko neno linalofanana na maungamo. Asema kwamba alipokuwa mwanafunzi aliketi saa nyingi akisoma michezo ya Shakespeare, hasa ile ya wafalme wa kale. Katika ujana wake alipenda sana mashairi. Hata katika safari zake za nchi kavu, wakati wa kuizunguka dunia, ikiwa hakuweza kuchukua ila kitabu kimoja, alichagua mashairi ya Milton. Lakini katika uzee mambo yalikuwa yamegeuka. Hakuweza tena kuvumilia hata mstari mmoja wa shairi. Alijaribu kumsoma tena Shakespeare, akachoka hata kuona kichefuchefu. Picha nzuri na muziki pia vilikuwa karibu kumpoteza. Yalibaki yale mapendo ya riwaya, ya historia na ya maisha ya watu, kama makaa machache yaliyosalia katika jiko lililokuwa na moto mkubwa.

Yeye aliona kwamba akili yake imekuwa kama mashine inayosaga fungu kubwa la mambo ili kutoa kanuni. Akasema kwamba kama angepewa kuishi mara ya pili, angejiwekea amri ya kusoma mashairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kila juma. Kwa maana, alisema, kuyapoteza mapendo hayo ni kupoteza heri. Labda kwaumiza akili, na yaelekea zaidi kwaumiza tabia ya mtu, kwa kuwa upande wake wa moyo wadhoofika.

Neno hili lastahili kufikiriwa. Mashine ya kusaga ni kitu chema. Kijiji kilicho nayo chashukuru, kwa maana yawapunguzia wanawake kazi ya kutwanga. Lakini mashine haijui ladha ya ugali, wala haijui ni mtoto gani katika kijiji amelala na njaa. Yasaga tu. Mtu aliyekuwa na akili kubwa kuliko wengi wa wakati wake aliogopa kufanana nayo.

Lakini haifai kufikiri kwamba moyo wake ulikuwa umekufa. Mwaka 1851 binti yake Annie alikuwa amefariki, mwenye umri wa miaka 10. Miaka 25 baadaye, katika maandiko yale yale, baba huyo alisema kwamba akimkumbuka mtoto na upole wake, bado machozi humjia mara nyingine.

Tena liko jambo la ujana wake. Katika nchi ya Brazili aliuona utumwa kwa macho yake. Katika kitabu cha safari yake, kilichotolewa upya mwaka 1845, alimshukuru Mungu kwamba hatarudi tena katika nchi ya watumwa. Aliwajibu wale waliosema kwamba utumwa si mbaya sana. Hakuwajibu kwa hesabu. Aliwaambia wajiwazie wenyewe: mke wako na watoto wako wadogo waweza kunyakuliwa siku yoyote na kuuzwa kama wanyama kwa mnunuzi wa kwanza anayetokea. Aliona kwamba wale wanaoutetea utumwa hawajiweki kamwe mahali pa mtumwa. Wazee wa Maniema na wa pande za ziwa Tanganyika, waliopokea kwa baba zao habari za misafara ya watumwa, waelewa neno hili bila kufafanuliwa.

Hapa ndipo penye ufunguo wa swali lote. Hesabu humwambia mtu ni watumwa wangapi. Sheria humwambia kwamba kuwauza ni kosa. Lakini kujiweka mahali pa mtumwa ni kazi ya uwezo mwingine ambao Mungu ameutia ndani ya mwanadamu. Nao, kama mkono usiofanya kazi, hulegea usipotumiwa. Hadithi ni shamba lake la mazoezi. Anayesikiliza habari za yatima huwa yatima kwa muda mfupi. Anayesoma maisha ya mfungwa hukaa gerezani saa moja, kisha akatoka. Akikutana baadaye na yatima au mfungwa wa kweli, hamwoni tena kama mgeni kabisa.

4. Je, hadithi si uongo?

Mtu aweza kusema: “Amri ya Mungu yakataza kusema uongo. Riwaya yasimulia mambo yasiyotukia. Basi yampasaje mkristu kuipenda?”

Jibu ni kwamba uongo na hadithi si kitu kimoja. Mwongo ataka msikilizaji asadiki kwamba jambo lilitukia, hali yeye ajua kwamba halikutukia. Nia yake ni kudanganya. Msimulizi hamdanganyi mtu. Mzee aanzapo kusimulia habari za sungura na fisi, hakuna mtoto anayetoka nje kwenda kumtafuta sungura huyo ili amwulize. Wote wajua ni hadithi, na wote wangoja ukweli uliofichwa ndani yake, kama watu wanavyongoja karanga itoke katika ganda.

Maandiko Matakatifu yenyewe yathibitisha jambo hili. Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga njia Uria auawe vitani. Daudi aliijua amri. Hakuna aliyehitaji kumfundisha. Hata hivyo aliendelea kuketi katika nyumba yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo Mungu akamtuma nabii Natani. Natani hakuanza kwa kumsomea amri. Alimweleza habari za maskini aliyekuwa na kondoo mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake, na za tajiri aliyemnyang’anya kondoo huyo ili amchinjie mgeni, hali yeye ana makundi mengi. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri. Akamhukumu. Ndipo nabii akamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Daudi akakiri dhambi yake.

Na yatazamwe vema yaliyotukia hapo. Amri ilikuwa kichwani mwa Daudi siku zote, nayo haikumwamsha. Hadithi ilipita mlango mwingine. Ilimfanya ampende maskini kabla hajajua kwamba yeye ndiye aliyemdhulumu. Bwana Yezu naye, alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa maelezo ya neno. Alisimulia juu ya mtu aliyejeruhiwa njiani na Msamaria aliyemhurumia. Hakuna aliyemwuliza jina la majeruhi wala siku ya tukio. Aliyeuliza swali alitakiwa aende afanye vivyo hivyo.

5. Machozi ya Mtakatifu Agustino

Liko pingamizi la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Limeletwa na mtakatifu, tena mtakatifu wa Afrika.

Agustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Shuleni alisomeshwa utenzi wa Virgili, mshairi wa Waroma, akalia machozi kwa ajili ya Dido, malkia wa Kartago katika utenzi huo, aliyejiua kwa sababu ya mapenzi. Baadaye, alipokuwa askofu, aliandika kitabu chake cha Maungamo, akajilaumu kwa jambo hilo. Alikuwa amemlilia Dido, asijililie mwenyewe, hali roho yake ilikuwa ikifa mbali na Mungu.

Neno hili ni la kweli, tena lakata kama kisu. Wako watu wanaolia machozi kwa ajili ya mtu wa kitabuni, na huku mama yao mzazi hana kuni. Machozi ya namna hiyo hayana gharama. Mtu huyatoa, akajiona mwema, akalala. Basi yule anayesema kwamba hadithi peke yake hutengeneza moyo mwema amekosea. Mazoezi si vita. Na shamba la mazoezi lisilofuatwa na kazi ni mchezo tu.

Lakini maisha ya Agustino yana sehemu ya pili. Alikuwa mkatekumeni kwa miaka mingi sana, akiahirisha na kuahirisha. Alikuwa msomi, hoja alizijua zote, kichwa chake kilikuwa kimekwisha kushindwa, lakini moyo wake haukusogea. Mwaka 386, mjini Milano, alitembelewa na mtu mmoja wa kwao Afrika jina lake Pontisiano. Huyu alimweleza habari za Mtakatifu Antoni, mtawa wa Misri. Akamwambia pia kwamba watumishi wawili wa Kaisari, walipokuwa wakitembea, walikuta kitabu cha maisha ya Antoni katika nyumba moja. Mmoja wao akaanza kukisoma, na kabla ya kukimaliza akaamua kuacha yote amfuate Mungu, na mwenzake akafuatana naye. Agustino aliposikia hayo aliona aibu kubwa. Ilikuwa kama amewekwa mbele ya uso wake mwenyewe. Saa chache baadaye, bustanini, alishindwa na neema, na katika Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrosi.

Kwa hiyo mtu aliyejilaumu kwa sababu ya hadithi aliamshwa kwa habari za maisha ya mtu. Naye mwenyewe akaandika habari za maisha yake, ambazo zimewaamsha wengine karne hata karne. Tofauti haikuwa katika kusoma au kutosoma. Tofauti ilikuwa katika lile lililofuata baada ya kitabu kufungwa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza kipimo hicho kitandani. Mwaka 1521 alivunjwa mguu vitani huko Pamplona. Wakati wa kuuguzwa aliomba riwaya za mashujaa wapanda farasi, kwa maana alizipenda mno. Hazikupatikana katika nyumba ile, akapewa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha maisha ya watakatifu. Akawa mara anawaza ushujaa wa kidunia, mara anawaza matendo ya watakatifu. Mawazo yote mawili yalimpendeza. Lakini yale ya kwanza, yakiisha kupita, yalimwacha mkavu. Yale ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu. Basi kipimo ni hiki: kitabu kizuri hujulikana kwa hali ya moyo baada ya kukisoma, na kwa kazi ya mikono siku ya pili yake.

6. Juu ya mwisho mwema

Limebaki neno moja la Darwin la kupima: kwamba hadithi isiishe kwa huzuni. Mgonjwa anayetafuta pumziko hastahili kulaumiwa kwa kutaka faraja. Wala tamaa hiyo si ya kipumbavu. Kila mwanadamu ataka mwisho uwe mwema, kwa sababu Mungu amemwumba kwa ajili ya mwisho mwema.

Hata hivyo, anayekataa kila habari ya huzuni aweza kuzoea kukimbia huzuni ya kweli. Hatakwenda matangani, au atakwenda na kuondoka upesi. Injili haikufanya hivyo. Haikuruka Ijumaa Kuu ili ifike Pasaka. Yamsimamisha msomaji chini ya msalaba pamoja na Mama Maria, amtazame Mtu apasaye kupendwa kwa moyo wote akifa. Hapo ndipo furaha ya siku ya tatu inapokuwa furaha kweli. Mwisho wake ni mwema kuliko mwisho wa riwaya yoyote, lakini njia yake yapita kaburini.

7. Kazi ya mkatekumeni

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya watu wenye maktaba. Si hivyo. Darwin mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alisomewa. Katika nyumba ambamo mmoja tu ajua kusoma, huyo mmoja aweza kuwa sauti ya wote. Mtoto wa shule na amsomee bibi yake. Na bibi, naye, amsimulie mtoto habari za ukoo, ambazo hazimo katika kitabu chochote na zitazikwa pamoja naye asipoulizwa.

Kongo haikosi maisha ya kusomwa. Yako maisha ya Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana mfanyakazi aliyepigwa vibaya kwa sababu ya skapulari yake na sala zake, akafa mwaka 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Yako ya Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda usafi wake. Na yako ya Mwenye Heri Floriberti Bwana Chui, kijana mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyeuawa Goma mwaka 2007 kwa kuwa alikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichoharibika kuuzwa kwa watu. Alitangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mtu aweza kukariri kwamba rushwa ni dhambi, akasahau mbele ya fedha. Aliyekwisha kusimama moyoni mwake pamoja na kijana huyo hasahau kwa urahisi.

Papa Fransisko aliandika barua mwaka 2024 juu ya jambo hili hili. Katika ujana wake alikuwa amejifunza ufundi wa kemia. Kisha, kabla ya kuwa padri, aliwafundisha vijana fasihi mjini Santa Fe, Argentina, katika miaka 1964 na 1965. Katika barua hiyo alisema kwamba kusoma riwaya na mashairi humsaidia mkristu kusikia sauti ya mwenzake na kuona kwa macho ya wengine.

Afikiriwe sasa mkatekumeni ambaye siku ya mtihani hujibu maswali yote bila kukosea. Ayataja matendo ya huruma kwa mpango wake, la kwanza hata la mwisho. Anaporudi kwake apita mbele ya mlango wa mjane mgonjwa; asikia kikohozi; apita. Hakosi maarifa. Kinachomkosa ni kule kuwa mjane kwa kitambo kidogo, kulala juu ya mkeka ule, kusikia hatua za mtu zikikaribia mlangoni, kisha kusikia zikienda zao. Akiyasikia hayo moyoni, miguu yake itasimama. Katekismu yamwonyesha njia. Neema ya Mungu yamtia nguvu. Na habari za watu zamzoeza kumtambua jirani aliye njiani.

Basi jibu la swali ni hili: kusoma hadithi njema, historia na maisha ya watu si kupoteza wakati, kama moyo ulioamshwa na kitabu wapewa kazi kabla haujalala tena. Darwin alitamani, akiwa amechelewa, kujiwekea amri ya mara moja kila juma. Mkatekumeni hajachelewa. Jumapili ni siku ya Bwana. Baada ya Misa au sala ya pamoja, saa moja yatosha.

Maswali ya kufikiriwa katika makutano

1. Natani alimwamsha Daudi kwa njia gani? Kwa nini amri peke yake haikuwa imemwamsha?

2. Kuna tofauti gani kati ya mwongo na msimulizi wa hadithi?

3. Agustino alijilaumu kwa machozi gani? Ni machozi gani yasiyo na gharama katika kijiji hiki?

4. Ni mzee gani ambaye habari zake hazijaulizwa bado? Nani atakwenda kumwuliza juma hili, na atamchukulia nini mkononi?